Miche 40 katika vyombo viwili: je, jaribio la wanafunzi wangu lina uzito wowote?

Mwalimu wa Baiolojia, Dar es Salaam

Habari za wakati huu, ndugu zangu. Ninafundisha baiolojia katika shule ya sekondari ya kutwa, na muhula huu ninawasimamia wanafunzi wanne wa kidato cha tatu wanaotayarisha kazi mbili kwa ajili ya maonyesho ya sayansi. Vitabu nilivyo navyo vinasema kuwa kila jaribio sharti liwe na kikundi cha ulinganisho, kisha vinanyamaza, nami nimefika mahali ambapo kikundi hicho ninacho lakini sijui kama ninaweza kukitegemea.

Kazi ya kwanza inahusu uchafuzi wa maji. Wanafunzi wawili walitaka kuonyesha kwamba maji ya Mto Msimbazi, ambayo baadhi ya wakulima wa bondeni huyatumia kumwagilia mboga, yanadhoofisha mimea. Walipasua dumu la lita 20 kwa urefu wakapata vyombo viwili, wakavitoboa chini, wakavijaza udongo wa bustani ya shule na kupanda mchicha, miche 20 kila chombo. Chombo cha kwanza walikimwagilia maji ya mto na cha pili maji ya bomba, kwa kipimo kilekile kila asubuhi, muda wa wiki 4. Walipong'oa na kupima, mambo yakawa kinyume. Mchicha wa maji ya mto ulikuwa mrefu zaidi, mzito zaidi na wa kijani kilichokolea kuliko ule wa bomba, na tofauti hiyo haihitaji rula kuonekana.

Kazi ya pili ni ya upande wa saikolojia. Wanafunzi wengine wawili waliwaomba wenzao 30 wasome kifungu cha habari darasa likiwa kimya na kujibu maswali 10, kisha wakawapa kifungu cha pili wakisome huku muziki ukipigwa kwa simu, wakajibu maswali mengine 10. Alama za kifungu cha pili zilishuka, nao wameandika kwamba muziki unapunguza ufahamu.

Je, miche 40 inatosha kudai kuwa tofauti ya mchicha imetokana na maji? Nifanye nini na matokeo yaliyokwenda kinyume na tulivyotarajia, hasa kwa kuwa mwanafunzi mmoja amependekeza turudie mpaka mto "ukubali" kudhuru? Na lile jaribio la muziki, mbona linanitia mashaka ingawa siwezi kuonyesha kosa liko wapi? Muda tulio nao ni wiki 9.

Mpanda Vitalu, Morogoro

Mwalimu, hongera kwa kuleta kazi yenyewe na si sifa zake. Mimi nimeajiriwa kufanya majaribio ya mazao ya mboga, kwa hiyo nitajibu la mchicha tu na kuwaachia wengine la muziki.

Nianze na habari isiyopendeza. Wewe huna miche 40. Una vyombo viwili. Maji hayakugawiwa mche mmoja mmoja bali yaligawiwa chombo kizima, na miche yote 20 ya chombo kimoja imeshiriki pia kila jambo jingine lililokipata chombo hicho, kama vile ukubwa wa matundu, ubora wa ule udongo uliochotwa kwanza, kivuli cha ukuta, na hata kuku wa jirani akipita. Ungepanda miche 200 kila chombo, ungekuwa umepima kwa usahihi mkubwa zaidi tofauti iliyopo kati ya vyombo viwili, bila kusogea hata hatua moja kuelekea swali la maji. Kosa hili si la wanafunzi peke yao. Mwaka 1984 mwanaekolojia Stuart Hurlbert alipitia majaribio yaliyokwisha kuchapishwa na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya waandishi wake walikuwa wamehesabu vivyo hivyo. Sisi kazini tunaliita urudufu bandia, na bado tunawakamata wenzetu nalo kila msimu.

Je, vyombo vingapi vinatosha? Hapa nitakuomba tuonje chai. Katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, Ronald Fisher alikuwa na mfanyakazi mwenzake, Muriel Bristol, aliyedai kuwa akionja chai anajua kama kikombeni kilianza kutiwa maziwa au chai. Fisher, alipolieleza jaribio la namna hiyo mwaka 1935, alipanga vikombe 8, vinne vikianza kwa maziwa na vinne kwa chai, vikiwa vimechanganywa bila utaratibu, na mwonjaji akitakiwa kuvitenga vile vinne vya maziwa. Njia za kuchagua vikombe 4 kati ya 8 ni 70. Asiyejua kitu atapatia vyote kwa bahati mara 1 katika 70, yaani chini ya asilimia 1.5, na kwa sababu hiyo akipatia vyote tunapata haki ya kuanza kumsadiki.

Sasa weka madumu mahali pa vikombe. Mkiwa na chombo kimoja cha mto na kimoja cha bomba, zipo njia mbili tu za kugawa maji, kwa hiyo hata kama maji hayana athari yoyote, mto utaongoza nusu ya mara zote, sawa na kurusha sarafu. Vyombo 2 kwa 2 vinatoa njia 6. Vitatu kwa vitatu vinatoa njia 20, na vinne kwa vinne zinafika zile 70. Mkipata wastani wa uzito wa kila chombo na mkakuta kuwa vyombo vyote vinne vya mto vinavizidi vyote vinne vya bomba, wanafunzi wenu wanaweza kusimama mbele ya jaji na kumweleza kwa vidole, bila programu ya kompyuta, kwa nini hawadhani kuwa ni bahati.

Lakini hesabu hiyo ina sharti moja ambalo watu hulirukaruka: ugawaji uwe wa kura. Andikeni namba 1 hadi 8 kwenye vyombo vikiwa vimekwisha kujazwa udongo na kupandwa miche, kunjeni vikaratasi 8, vinne vimeandikwa "mto" na vinne "bomba", mtoto mmoja achomoe bila kutazama. Msigawe kwa macho, maana mkono wa binadamu hupeleka kilicho bora kwenye upande anaoupenda bila mwenyewe kuarifiwa. Kisha swali dogo kwako: vile vyombo viwili vya kwanza vilikaa wapi?

Mwalimu wa Baiolojia, Dar es Salaam

Nimewauliza wanafunzi. Chombo cha mto kilikaa upande wa mashariki wa veranda "ili kisichanganywe na kingine", na jua la asubuhi hupiga upande huo kwanza. Naona aibu kidogo, maana nilikuwa napita pale kila siku.

Maabara ya Maji, Mwanza

Usione aibu, Mwalimu. Mimi naamini kwamba hata mkirudia kwa kura, mto unaweza kushinda tena, na sababu yake inawafaa wanafunzi kuliko ile waliyoitafuta.

Mto unaopita katikati ya jiji hupokea maji ya vyoo, ya jikoni na ya mifereji, na ndani yake mna nitrojeni na fosforasi, ambavyo ndivyo mkulima hulipia dukani ndani ya mfuko wa mbolea. Mchicha haujali virutubisho vimetoka wapi. Kwa hiyo wanafunzi waliuliza swali zuri kisha wakapima kitu kisicholijibu. Walitaka kujua kama maji yanadhuru, wakapima ukubwa wa mmea, ilhali madhara ya uchafuzi wa aina hii hukaa katika vitu visivyoonekana kwa rula, yaani vijidudu vya kinyesi juu ya majani na metali kama risasi na kadimiamu zinazoweza kuingia ndani yake. Mboga iliyonona inaweza kuwa ndiyo isiyofaa kuliwa, na mnunuzi sokoni, akichagua fungu kwa macho, atalichukua hilohilo.

Ninawashauri waongeze kundi la tatu, la maji ya bomba yaliyotiwa mbolea kidogo ya dukani. Ikiwa dhana ya virutubisho ni kweli, kundi hilo nalo litaliacha nyuma lile la bomba tupu. Huu ndio mtindo aliotumia David Schindler huko Ontario, Kanada, katika eneo lililotengwa mwaka 1968 kwa ajili ya kufanyia majaribio maziwa mazima. Wakati ule watu walibishana juu ya chanzo cha maziwa kugeuka kijani kwa mwani, wengine wakiilaumu fosforasi ya sabuni na maji taka, wengine wakiitetea na kuitupia lawama kaboni. Mwaka 1973 timu yake ililigawa ziwa lenye namba 226 kwa pazia katika sehemu yake nyembamba. Pande zote mbili zilitiwa nitrojeni na kaboni. Upande mmoja tu ukaongezewa fosforasi. Upande huo ukawa kijani, wa pili ukabaki kama ulivyokuwa, na picha iliyopigwa kutoka angani ilifanya kazi ambayo majedwali mengi hayakuwa yameiweza. Sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria, tulioona gugumaji likifunga mialo, hatuhitaji kuelezwa mara mbili kwa nini jambo hilo ni zito.

Kuhusu kupima risasi, msijaribu wenyewe kwa vifaa vya shule. Clair Patterson, mwanajiokemia wa Marekani, alipokuwa akipima risasi kwenye mawe na vimondo ili kupata umri wa dunia, alikuta kuwa vumbi, vyombo na hewa ya maabara vilikuwa vikimwongezea risasi kwenye sampuli kuliko iliyomo ndani yake. Ilimbidi ajenge chumba kisafi kupindukia kabla ya kuweza kutangaza mwaka 1956 kwamba dunia ina umri wa miaka bilioni 4.55, na uchafu huohuo uliomsumbua ndio ulimfanya baadaye aanze kuuliza kuhusu risasi iliyokuwa ikitiwa kwenye petroli. Sampuli ya majani ipelekwe maabara yenye mazoea ya kazi hiyo, pamoja na chupa moja ya maji safi yaliyopitishwa hatua zote zilezile, ili ijulikane ni kiasi gani kimetoka kwenye vyombo vyenyewe.

Na watoto wavae glavu na mabuti wanapochota. Hili si la kujadili.

Mwalimu wa Baiolojia, Dar es Salaam

Nashukuru sana. Ila mmenichanganya kidogo. Ndugu wa Morogoro ameniambia kuwa chombo kimoja kwa kimoja ni sawa na kurusha sarafu, kisha ndugu wa Mwanza ananisifia ziwa moja lililokatwa vipande viwili. Huyo Schindler naye si alikuwa na madumu mawili tu, ingawa makubwa?

Mpanda Vitalu, Morogoro

Umenishika pazuri, na sitakwepa. Kwa hesabu ya chai, ziwa 226 peke yake halizidi sarafu. Lililolipa nguvu ni mambo mengine yaliyolizunguka. Pande mbili zilikuwa ziwa moja lililofuatiliwa kabla ya kugawanywa. Tofauti iliyotokea haikuwa ya asilimia chache bali ya maji ya kawaida na maji ya kijani. Na halikusimama peke yake, kwa kuwa ziwa jirani namba 227 lilikuwa likitiwa virutubisho tangu 1969 na kuonyesha mwenendo uleule, na dhana ilitabiri mapema ni upande upi utakaobadilika. Anayefanyia jaribio ziwa zima hawezi kupata maziwa 8 yanayofanana, kwa hiyo hulipia upungufu huo kwa njia nyingine. Mwenye madumu hana udhuru, kwani dumu kuukuu halizidi bei ya soda mbili.

Nikipata nafasi niongeze jambo nililolisahau. Kwa sababu ya lile jua la veranda, ni afadhali mpange kwa jozi. Wekeni chombo cha mto na cha bomba bega kwa bega, jozi moja mashariki, nyingine katikati, na kadhalika, na katika kila jozi rusheni sarafu kuamua kipi kipate maji gani. Jua likipiga upande mmoja litapiga jozi nzima. Hapa hesabu inabadilika, kwa sababu jozi 4 zina njia 16 tu, jozi 5 zina njia 32 na jozi 6 zina njia 64, yaani mto kushinda jozi zote 6 kwa bahati tupu ni mara 1 katika 64. Ningekuwa mimi ningetafuta jozi 6. Na mkishaamua, andikeni kwenye daftari, kwa tarehe na sahihi, kwamba safari hii mnatarajia mto uzidi, kabla hata mbegu haijatiwa ardhini. Msipoandika upande, mtalazimika kuhesabu ushindi wa upande wowote kuwa ushindi, na hiyo 1 kati ya 64 inakuwa 2 kati ya 64. Lile kundi la mbolea litawekwa kwenye kila jozi kama chombo cha tatu, nanyi mtalilinganisha na bomba kwa namna ileile.

Mwalimu Mstaafu wa Fizikia, Tanga

Wajukuu zangu, nimesoma kwa furaha, lakini hakuna aliyemjibu yule mtoto anayetaka kurudia mpaka mto ukubali. Mimi nitamjibu kwa kisa kilichotokea hapahapa kwetu.

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye jokofu. Siku moja, kwa kuhofia kukosa nafasi ndani ya jokofu, aliyatia yangali moto, na baadaye akakuta yake yameganda kabla ya yale ya mwenzake aliyeyaweka yakiwa hayana moto. Alipomuuliza mwalimu akaambiwa kuwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwa kejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba na si fizikia ya ulimwengu, na wenzake wakaifanya kuwa msemo wa kumtania. Hatimaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam aliyeitembelea shule, na wenzake wakamcheka kwa mara nyingine. Osborne aliporudi alimtaka fundi wa maabara alijaribu jambo hilo, na fundi akaleta jibu ambalo ningependa mwanafunzi wako alisikie. Alisema kuwa kweli maji ya moto yameganda kwanza, lakini wataendelea kurudia mpaka wapate jibu sahihi.

Mwaona? Ni maneno yaleyale ya mtoto wako, yamesemwa na mtu mzima mwenye koti jeupe. Osborne na Mpemba walichapisha makala yao mwaka 1969, na jina la Mpemba likaenea duniani.

Hata hivyo sitaki mkiache kisa hiki mahali ambapo watu hupenda kukiachia, kwamba kijana alikuwa sahihi na walimu wakosefu. Mwaka 2016 Burridge na Linden, watafiti wa Uingereza, walipima upya kwa uangalifu mkubwa na hawakupata ushahidi kuwa maji ya moto hupoa hadi nyuzi 0 mapema kuliko ya baridi, na wakaonyesha kwamba kuhamisha kipimajoto kwa kiasi kidogo tu cha kina ndani ya chombo kunatosha kuleta tofauti inayodhaniwa kuwa ni ya Mpemba. Wapo wengine ambao bado wanalitetea, na mjadala juu ya maana hasa ya "kuganda kwanza" haujafungwa. Lakini tazameni, wale waliobisha kwa kupima wametupa elimu ya vipimajoto. Wale waliobisha kwa kucheka hawakutupa kitu. Jaribio la kwanza la mchicha liandikwe kwenye ripoti kama lilivyotokea, pamoja na kosa la veranda. La pili lifuate chini yake. Lisifutwe.

Mhadhiri wa Saikolojia, Nairobi

Shikamoo Mzee, umesema yote niliyotaka kusema kuhusu matokeo yasiyopendwa. Acha nije kwenye muziki.

Mwalimu, mashaka yako yana msingi, na yana sehemu tatu. Ya kwanza ni mpangilio. Kila mtu alisoma kimya kwanza na kwa muziki baadaye, kwa hiyo kushuka kwa alama kunaweza kutokana na uchovu, njaa ya kabla ya mapumziko, au kuchoshwa na zoezi lenyewe. Ya pili ni vifungu, kwani huenda cha pili kilikuwa kigumu zaidi hata kingesomwa makaburini. Mambo haya mawili yanatibiwa pamoja kwa kugawa wasomaji katika makundi manne kwa kura, ili nusu yao waanze na muziki na nusu wamalize nao, na ndani ya kila nusu vifungu vibadilishane nafasi. Watu 30 hawagawanyiki kwa 4, basi tafuteni 32.

Ya tatu ni ile ya ndugu wa Morogoro, ikiwa imevaa nguo nyingine. Muziki ulipigwa mara moja kwa darasa zima. Ikiwa dakika ile lori lilikwama nje ya lango na kupiga honi, au mwanafunzi mmoja aliangua kicheko, wote 30 waliathirika pamoja. Kwa hiyo hamkuwa na wasomaji 30 wa muziki bali kikao kimoja cha muziki, yaani chombo kimoja chenye miche 30. Fanyeni vikao vidogo vingi, au kila mmoja asikilize kwa spika za masikioni, naye wa kimya avae zilezile zikiwa zimezimwa, ili tofauti pekee iwe sauti.

Kisha kuna anayesahihisha. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, alikuwako farasi aitwaye Hans ambaye mmiliki wake, Wilhelm von Osten, aliwaonyesha watu kuwa farasi huyo anajua hesabu, akijibu kwa kugonga ukwato. Hakukuwa na ulaghai. Oskar Pfungst, katika uchunguzi aliouchapisha mwaka 1907, aligundua kuwa Hans alishindwa kila ambapo muulizaji mwenyewe hakujua jibu, kwa sababu farasi alikuwa akisoma kichwa na mwili wa muulizaji, ambavyo husogea kidogo sana idadi inapotimia bila mtu kukusudia. Mwaka 1963 Robert Rosenthal na Kermit Fode waliwapa wanafunzi 12 wa chuo panya 60 wa kufundishwa kupita kwenye njia panda, wakiwaambia nusu yao kuwa panya wao ni wa ukoo mwerevu na nusu kuwa ni wa ukoo mzito wa kuelewa, ilhali panya wote walikuwa wa aina moja. Walioitwa werevu wakafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo karatasi za majibu zisahihishwe bila msahihishaji kujua ipi ni ya muziki, na hata mchicha upimwe na mtu anayeona namba ya chombo tu, wakati karatasi inayoeleza namba ipi ilipata maji gani imefungwa kwenye bahasha yako.

Nasema haya nikijua kuwa fani yangu ndiyo iliyoumbuka zaidi. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitangaza matokeo ya kurudia majaribio 100 ya saikolojia yaliyokwisha kuchapishwa. Katika yale ya awali, asilimia 97 yalikuwa yamedai matokeo yenye uzito wa kitakwimu, yaani ambayo si rahisi kutokea kwa bahati tu. Katika marudio, ni asilimia 36 tu. Sidhani kuwa wenzangu wale walidanganya. Wengi wao walikuwa na makundi madogo, walitazama data kwa pande nyingi kabla ya kuchagua wa kuandika, na majarida hayakupenda kuchapisha habari ya kutokuona kitu.

Mwisho, ombeni ruhusa ya mkuu wa shule na ya wasomaji wenyewe, na asiyetaka aondoke bila kuulizwa sababu.

Msimamizi wa Data, Busia

Niruhusuni niongeze jambo kuhusu kikundi cha ulinganisho ambalo halijaguswa, nalo ni kwamba kikundi hicho nacho kinaweza kuchafuliwa. Kaunti yetu, upande wa Kenya, ni maarufu kwa jaribio la Edward Miguel na Michael Kremer la dawa za minyoo, lililohusisha shule 75 za msingi zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2004. Shule zilipangwa katika makundi matatu ya shule 25, la kwanza likianza dawa mwaka 1998, la pili 1999 na la tatu baadaye. Kipimo cha ugawaji kilikuwa shule na si mtoto, na sababu yake inatokana na minyoo yenyewe, maana mtoto aliyetibiwa huacha kuyasambaza mayai ya minyoo, hivyo mwenzake asiyemeza dawa naye hupata nafuu. Ukigawa dawa kwa mtoto mmoja mmoja ndani ya shule moja, wasiotibiwa watapona nusu nusu, nawe utadhani kuwa dawa haifanyi kazi sana. Walikuta utoro ukipungua kwa robo katika shule zilizotibiwa.

Kwa upande wa kura, wao hawakuchomoa vikaratasi; walipanga shule kwa alfabeti kufuata maeneo na kuhesabu kila ya tatu. Wengi hulikubali hilo, mimi huwa nasema vikaratasi vingekuwa rahisi kuvitetea, hasa baada ya mabishano makali yaliyozuka mwaka 2015 wachambuzi wengine walipoichambua upya data ileile.

Kwenu ninyi, minyoo ni maji. Vyombo vya mto na bomba vikikaa bega kwa bega kama mlivyoshauriwa, maji ya mto yatarukia jirani, au yatatiririka chini ya sakafu na kuingia kwenye matundu. Inueni kila chombo juu ya matofali mawili, acheni nafasi ya mkono mmoja katikati, na tumieni makopo mawili tofauti yenye alama ili lisitumike moja kwa yote. Na lile la bomba lishughulikiwe sawasawa na la mto, kwa kuguswa, kupaliliwa na kuzungushwa vilevile. Katika jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililofanyika katika vituo 11 vya nchi 7, Bagamoyo, Korogwe na Kilifi vikiwamo, watoto wa umri wa miezi 5 hadi 17 waliokuwa kikundi cha ulinganisho hawakuachwa bila sindano. Walichomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, ili mzazi asijue mwanawe yuko upande gani na ili mtoto asitoke mikono mitupu.

Mwalimu wa Baiolojia, Dar es Salaam

Ndugu zangu, na Mzee shikamoo, nimewasomea wanafunzi majibu yenu yote baada ya vipindi. Tumekubaliana hivi. Madumu 9 yatapasuliwa na kutoa vyombo 18, yaani seti 6 za vyombo vitatu, kila seti mahali pake kwenye veranda, na udongo wote utachanganywa kwanza juu ya turubai moja kabla ya kugawanywa. Katika kila seti mtoto mmoja atachomoa vikaratasi vitatu: mto, bomba, bomba na mbolea. Bahasha nitaitunza mimi, na atakayepima ni mwalimu wa jiografia, ambaye hajui lolote na ameahidi kutouliza. Utabiri umeandikwa ubaoni, umepigwa picha, na watoto wote wawili wametia sahihi, akiwamo yule wa "mpaka ukubali", ambaye sasa ndiye anayewakumbusha wenzake kuhusu matofali. La muziki litafanywa kwa vikao 8 vya watu 4.

Sampuli ya majani itakwenda maabara kama tutapata nauli na ada; tukikosa, ripoti itasema kwamba tumepima ukuaji na hatukupima usalama.

Limebaki jambo moja la pembeni. Mpishi wa shule aliuona mchicha wa kwanza ulivyonona na akaniomba fungu kwa ajili ya mboga ya walimu. Nilimkatalia, akanuna, nami nikamwonyesha jibu la ndugu wa Mwanza kwenye simu. Amelisoma mpaka mwisho, kisha akaniuliza kama ule anaoununua sokoni kila Jumatatu unamwagiliwa maji gani.

Maabara ya Maji, Mwanza

Mwambie amuulize muuzaji unakolimwa. Na ule wa jaribio fukieni, msiwape mbuzi.